Jina la Sita kwenye Modemu ya Shefu

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, na viatu vyangu havijakauka.

Leo nilipanda mlima hadi mtaa wa Kiriri kwa miguu, mafuta hakuna na mabasi ni ya kubahatisha. Shefu, mkuu wangu wa ofisi, aliniita kwake nimtengenezee intaneti. Anacheza mpira mtandaoni na watu asiowajua, na kila wikendi wanamfunga. Anasema kosa ni la mtandao. Mimi ni karani wa majaribio. Karatasi yangu ya ajira iko mezani kwake, haina sahihi. Hata angesema anafungwa kwa sababu ya mvua, ningeitikia.

Tatizo nililiona mara moja. Modemu ilifungiwa ndani ya kabati la chuma, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mtoto mchanga. Niliitoa, nikaiweka juu ya rafu karibu na televisheni, nikabadilisha chaneli yake ya mawimbi iliyogongana na ya majirani. Mama Divine, mpishi wao, aliniletea Fanta. "Kunywa kwanza, mutoto wangu. Umelowana."

Shefu akacheza. Wachezaji wake hawakuganda tena hata mara moja.

Akafungwa matano.

"Kuna mutu anakula koneksiyo yangu," alisema. "Soma majina yote yenye iko mule ndani ya modemu."

Kazini nimezoea kusoma orodha kwa sauti, mstari kwa mstari, bila kuruka. Nikafungua orodha ya modemu kwenye kompyuta yake, nikasoma: televisheni, simu zake mbili, kompyuta, simu ya madamu, mke wake. Mstari wa sita ulinitoka kabla sijaufikiria.

Mama Divine.

Aliitwa. Alikuja akipangusa mikono.

"Ni madamu mwenyewe alinipa namba ya siri, shefu. Naangaliaka mutoto wangu Divine tu kwa video, iko kwa bibi yake kule Gitega."

"Madamu iko hapa? Unamuona?" Shefu alicheka. "Kumbe mi nafungwa matano juu ya Divine!"

Akamwambia afunge mzigo wake.

Mbele ya jina lake, kwenye skrini, iliandikwa kwamba simu hiyo haikuwa imeunganishwa tangu jana. Sentensi moja ingetosha. Nilikuwa nayo ulimini, nimeipanga vizuri, na maneno ya heshima mwanzoni. Shefu akanigeukia. "Si ndiyo, karani?"

Nilisema ndiyo.

Nikalifuta jina la Mama Divine kwa kidole changu mwenyewe. Shefu akaanza mechi nyingine, nami nilikaa pembeni nikimwomba Mungu shefu ashinde. Akashinda, moja bila. "Umeona?" alisema, akanipiga begani. "Jumatatu njoo na kalamu nzuri."

Mama Divine alikuwa getini na mfuko wake, akingoja mvua ipungue. Sikuwa na njia nyingine ya kutokea.

"We ni mutu wa masomo," aliniambia taratibu. "Uliona simu ilikuwa imezima, si ndiyo?"

Nilisema ndiyo.

Hakunitukana. Alijitwika mfuko kichwani, akashuka mlima. Nilimwacha atangulie sana, kisha nikatembea polepole nisije nikamfikia.

Sasa niko chumbani kwangu, mtaa wa Bwiza. Najiuliza kama nikishaajiriwa, nikiwa sina tena cha kuogopa, nitamwambia shefu ukweli. Nimejiuliza hivyo mara mbili.

Kisha nikaijaribu kalamu. Inaandika vizuri.