Sura ya Djo haiko kwenye kamera

Thelma, acha hiyo sufuria, soma. Gustave mupiga picha amejifungia ndani.

Unajua tangu bei zipande watu hawamuiti tena kwa ndoa. Kadi mupya ya kamera imemushinda kununua, anakokota ileile ya zamani yenye kupoteza picha.

Bon, basi, jana tulimuzika Djo kule Kabuta. Mama yake alikuwa bado Kongo na joto halikuruhusu kumungoja. Wajomba wakakataza simu zote karibu na sanduku. "Gustave peke yake atamupigia mama picha ya mwisho ya sura yake." Akapiga, mwanga ukawaka, tukalia.

Leo anafungua kamera, hakuna kitu. Anatoa kadi, anaipangusa na shati, anairudisha. Hakuna. Thelma, hata picha moja hakuna.

Ananiuliza mimi mukubwa wake, "Yaya, nitamuambia mama nini?" Nilipotoka tu, akafunga mulango.

Sasa mutumbwi wa kutoka Kongo umefika. Mama Kapinga hakupita hata kwenye kilio cha mutoto wake Djo. Amekuja moja kwa moja kwa mulango wa Gustave, ameketi chini, anapangusa miwani yake.