Darasa la Kompyuta Kando ya Mfereji

Kiganjo, Thika

Mpendwa Baba,

Pokea salamu zangu, nikitumaini goti limepoa na unatembea bila kushika ukuta. Mama je, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, ila nina hasira, kwa hiyo barua hii usiisome ukiwa unakula.

Jumapili ulikata simu kabla sijamaliza. Ulitaka niende kwa mwenyekiti wa kanisa nimwombe msamaha, kwa kuwa ni mtu wa kwetu na ndiye aliyenitafutia chumba. Basi sikia na upande wangu.

Likizo hii ya Agosti nafundisha watoto kuandika programu za kompyuta, yaani kuipa mashine maagizo hatua kwa hatua. Kanisa lilitupa ukumbi na kompyuta kumi. Wiki ya pili mwenyekiti akaingia, akatazama miguu ya watoto waliotoka mtaa wa mabanda wa Kiandutu, wengi wao hawana viatu, akaniambia mbele yao, "Madam, hawa watachafua hall na waharibu hizi mashine. Baki na wetu tu." Nikamwambia wakitoka hao, natoka nao. Akafunga mlango, kompyuta zikabaki ndani.

Alifikiri nimekwisha. Kesho yake tulikuwa Kiandutu kando ya mfereji wa maji, bomba moja la mtaa mzima, na chaki. Pale akina mama hupanga mitungi mitupu ili kushika nafasi kwenye foleni, kisha huenda vibarua viwandani. Kila siku ni ugomvi. Nikawaambia watoto waandike ukutani programu ya kuiendesha foleni hiyo. Nyambura, msichana wa miaka kumi, akaandika: mtungi ukikosa mwenyewe, upeleke nyuma. Tukaifuata ilivyo. Wenyewe wote walikuwa kazini! Mitungi ikaenda nyuma, ikafika mbele, ikaenda nyuma tena, na hakuna hata mmoja uliopata maji.

"Ai, ticha, hii kitu haiishi! Inazunguka tu!" Nyambura alicheka hadi akakaa chini. Baba, kosa hilo hata sisi chuoni tulilifanya, na hatukuligundua upesi hivyo. Akafuta, akaandika upya: mwenyewe asipokuwepo, ujaze, uuweke kando. Jioni akina mama walikuta maji yao yanawangoja. Siku hizi chaki ikifutika, wao ndio huiandika tena.

Mwenyekiti amesikia. Juzi alileta ufunguo wa ukumbi, lakini kwa Nyambura peke yake. Mtoto akamuuliza, "Na hawa wengine?" Mzee akaondoka na ufunguo wake. Nilijivuna mno, sikufichi.

Nisalimie Mama, kaka yangu huko shambani kwenye miwa, na Kukhu. Mwambie bibi huyo mjukuu wake bado ni mkaidi.

Msamaha sitaomba. Siku yangu ya kwanza shuleni, mwalimu mkuu alinirudisha nyumbani kwa kukosa viatu. Ulinishika mkono, ukanipeleka tena, ukasimama mlangoni pa darasa hadi nikapewa dawati. Siku hiyo, Baba, ulimwomba nani msamaha?

Ni mimi binti yako, yule wa miguu mitupu,
Nekesa