Bidoni Kumi na Nne

Mjukuu wangu Furaha,

Hapa Mweso tungali wazima. Mama yako amepona malaria na maharage yameota. Unauliza kama uziamini orodha za meli zilizoporwa na maharamia ambao unasoma habari zao huko chuoni, maana zinataja kila pipa, ila baharia hakuna hata mmoja.

Nilipokuwa msichana tulitoka Walikale watu saba, kila mtu na bidoni mbili, yaani madumu, za mawese mgongoni. Karibu na Kalembe wezi wenye bunduki walituvamia. Tulifika Mweso sita. Karani wa ofisi ya serikali akanipa karatasi: "Dada, weye unajua kuandika. Andika vyenye vilipotea."

Nikaandika bidoni kumi na nne, sufuria moja, panga mbili. Nikamuuliza, "Na Bahati mwenzetu, mwenye walimuua?"

"Iyi karatasi njo ya vitu, dada. Muntu haiko na mustari."

Nikatia sahihi. Kwa hiyo ziamini, mutoto wangu. Hesabu yangu haikukosea hata sufuria.

Kisha mama yake Bahati alikuja nimsomee ile karatasi. Nilisoma yote mpaka chini, naye akaendelea kungoja.

Ni mimi tate yako, ningali na hasira.