Mwisho wa Chungu cha Mwezini

CHAMA CHA WAPENZI WA SINEMA, DODOMA

Kumbukumbu za kikao cha Kamati kilichokaa Jumamosi, tarehe 14 Mei 1960, katika chumba cha nyuma cha Ukumbi wa Ustawi wa Jamii, kuanzia saa tisa alasiri.

WALIOHUDHURIA
Bw. Nazir Alibhai, fundi saa – Mwenyekiti
Bw. Seth Chilewa – Katibu
Mzee Yotham Matonya, mstaafu wa reli – Mjumbe
Bi. Mwanahawa Salum – Mjumbe
Bw. Jayantilal Chandulal, mwenye duka – Mjumbe

MWALIKWA
Bw. Sila, mwendesha mashine ya sinema

ASIYEHUDHURIA
Bw. Bartolomayo – yuko msibani Nzuguni, alitoa taarifa

KUMB. NA. 1/5/60: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kuomba madirisha yafungwe kwa sababu ya vumbi. Bw. Sila aliomba dirisha moja liachwe wazi, akasema sababu yake wataiona baadaye. Liliachwa wazi, na karatasi za Katibu zikawekewa jiwe.

KUMB. NA. 2/5/60: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Zilisomwa. Bi. Mwanahawa alisema hakuridhika na mahali palipoandikwa kwamba siku za sinema ya uani alikuwa muuza karanga. Alikuwa akiuza kashata. Katibu alisema kashata ina karanga ndani yake. Bi. Mwanahawa alijibu kwamba na chapati ina unga, lakini mpishi wa chapati haitwi muuza unga. Ilisahihishwa.

KUMB. NA. 3/5/60: YATOKANAYO

(a) Kofia ya bati. Mwenyekiti alikumbusha kwamba mwaka 1939, sinema ya Chungu cha Mwezini ilipokuja mjini, marehemu Bw. Chandulal, baba yake Bw. Jayantilal, alimtengenezea mpiga mbiu kofia ya bati mfano wa zile za wasafiri wa mwezini, naye akazunguka nayo sokoni kuitangaza sinema. Kofia hiyo iko kwa Mzee Matonya tangu wakati huo. Mwenyekiti alisema ni mali ya wote na ingefaa ikae ukumbini. Mzee Matonya alisema mpiga mbiu aliitupa, yeye akaiokota. Mwenyekiti alisema hakukusudia kumwita mtu mwizi. Mzee Matonya alisema amesikia. Kofia ilikuwa mezani mbele yake, na hakuondoa mkono juu yake.

(b) Mkono wa nahodha. Shauri hili limeahirishwa tangu Desemba. Kwa faida ya wanachama wapya, Katibu anaeleza kwamba sinema ile ilionyeshwa uani kwa Bw. Chandulal kwa wiki moja. Shuka jeupe lilitundikwa katikati ya ua. Mbele yake waliketi kwenye viti Wahindi na makarani wa serikali. Waliobaki waliketi chini, nyuma ya shuka, kwa nusu ya kiingilio, nao waliiona picha ileile kwa upande wa pili. Mwenyekiti, aliyeketi kwenye kiti, anasema chombo kilipoondoka kwenda mwezini nahodha aliwaaga watu kwa kupunga mkono wa kulia. Mzee Matonya, aliyeketi chini, anasema ulikuwa wa kushoto. Kila mmoja alirudia maneno yake ya Desemba. Shauri liliahirishwa tena.

KUMB. NA. 4/5/60: ZAWADI YA BW. JAYANTILAL

Bw. Jayantilal alieleza kwamba familia yake inafunga duka na kuhamia Dar es Salaam mwisho wa mwezi huu. Walipokuwa wakishusha mizigo iliyokuwa darini, walikuta debe la biskuti la marehemu baba yake. Ndani yake mlikuwa na bango la Chungu cha Mwezini, vikaratasi vya matangazo, na mkanda mmoja wa filamu. Sinema yenyewe ilikuwa ya mikanda kadhaa na ilipaswa kurudishwa kwa wakala Nairobi. Vita vilipoanza mikanda ilifungwa kwa haraka, na huu ukasahaulika. Ni mkanda wa mwisho.

Bango lilifunguliwa mezani. Rangi imefifia, lakini chombo kinaonekana vizuri, duara na kipana chini, kama chungu kilichoepuliwa. Ndiyo maana mji mzima uliita sinema hiyo Chungu. Jina lake la Kizungu halikukumbukwa na yeyote, na kipande cha juu cha bango kimeliwa na mchwa. Wajumbe walilitazama kwa muda. Mwenyekiti alisema siku zile alikuwa kijana asiye na ndevu, na alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba hatajifunza saa, atajifunza kwenda mwezini. Mama yake alimwambia aoshe miguu ale. Bi. Mwanahawa alisema wiki ile wanawake waligombania masufuria yao, kwa sababu watoto wote walikuwa wakiyavaa kichwani.

Mwenyekiti alipendekeza vitu vyote, pamoja na mkanda, vifungiwe kabatini hadi Chama kitakapopata jengo lake, ndipo viwekwe hadharani kwa heshima. Alisema mkanda huo usiguswe, kwa kuwa hakuna mwingine.

Mzee Matonya aliomba kusema. Alieleza kwamba mwaka ule alikuwa stesheni, zamu ya usiku, akishika taa ya kupokea treni ya Tabora. Kila jioni wiki ile alikwenda uani kwa Bw. Chandulal pamoja na mkewe, marehemu Anyesi, na kila jioni alilazimika kuondoka kabla sinema haijaisha, ili awahi taa yake. Anyesi alibaki akaona hadi mwisho. Alipotaka kumsimulia, yeye alikataa. Alimwambia mwisho wa sinema ni wa kuonwa, na kwamba itarudi tu. Haikurudi. Miaka iliyofuata watu wengi walijaribu kumwambia, naye aliziba masikio au aliondoka barazani. Ameweka kofia, ameweka vikaratasi, ameweka kipande cha tiketi mpaka maandishi yakafutika, akingoja.

Alimalizia kwa maneno haya: "Mwenyekiti, jengo ni jambo jema. Lakini mimi sina umri wa kungoja jengo. Naomba nionyeshwe mkanda huu, mara moja tu."

Mwenyekiti alisema anaheshimu umri wa Mzee, ila Chama hakiwezi kuendeshwa kwa haja ya mtu mmoja. Bi. Mwanahawa aliuliza Chama kina kazi gani nyingine. Mwenyekiti alimwomba aelekeze maneno yake kwenye kiti. Bi. Mwanahawa alisema ameyaelekeza hukohuko.

KUMB. NA. 5/5/60: MAELEZO YA BW. SILA

Bw. Sila aliombwa aukague mkanda. Aliupeleka dirishani, akaunusa, akagusa ukingo wake kwa kidole, na kidole kikanata. Alisema filamu za zamani za namna hii hushika moto upesi kuliko mafuta ya taa. Aliwahi kuona moja ikiwaka ndani ya mashine, na kovu lililoko mkononi mwake linatokana na siku hiyo. Mkanda huu umeanza kuoza, na kadiri unavyokwenda ndani ndivyo ulivyogandamana. Hatauweka kwenye mashine, hata akiamriwa na Bwana Shauri mwenyewe. Aliongeza kwamba hauwezi pia kukaa kabatini. Siku za joto utaunguza ukumbi.

Mwenyekiti aliombwa azime sigara. Alizima.

Mzee Matonya alisema, "Basi," akaanza kukunja vikaratasi vyake alivyokuwa amevitoa mezani, kimoja kimoja, na kuvirudisha mfukoni. Bw. Jayantilal alimwambia kwamba yeye aliiona sinema yote kwa kuwa nyumba ilikuwa yao, na akitaka atamsimulia mwisho wake hapa hapa. Mzee Matonya alimshukuru, akasema kama ni kusimuliwa, mwenye haki ya kumsimulia alikuwa mmoja, na yeye mwenyewe ndiye aliyemnyima nafasi hiyo mpaka mkewe akafa.

Hapo Bw. Sila, aliyekuwa bado dirishani, alisema mkanda haukurudishwa nyuma baada ya onyesho la mwisho, kwa hiyo mwisho wa sinema ndio uliobaki juu. Sehemu hiyo haijaharibika sana. Picha zake ni ndogo kama ukucha, lakini ni picha. Mtu mwenye macho mazuri angeweza kuzitazama moja moja dhidi ya mwanga.

Mzee Matonya alisema macho mazuri hana.

Mwenyekiti alisimama akatoka bila kuahirisha kikao. Katibu alitaka kumkumbusha kanuni, lakini Mwenyekiti alikuwa amekwisha vuka barabara. Alirudi kutoka dukani kwake na kile kioo anachovaa jichoni anapotengeneza saa. Alikifuta kwa kitambaa, akampa Mzee Matonya, akamwonyesha namna ya kukibana kwa nyusi.

KUMB. NA. 6/5/60: KUTAZAMWA KWA MKANDA

Bw. Sila aliushika mkanda na kuufungua polepole. Bw. Jayantilal aliunyoosha mbele ya dirisha kwa vidole vya mikono miwili. Kwa kuwa walianzia mwisho, Bw. Sila alivuta kwanza urefu wa kutosha, ndipo wakarudi kuutazama kwa mpangilio wake.

Mzee Matonya alitazama, akasema kuna kitu hakiko sawa, watu wamegeuka. Bw. Jayantilal aliugeuza mkanda upande wa pili. Mzee Matonya alisema, "Hapo. Upande wetu ni huo."

Mwenyekiti aliomba naye atazame kidogo. Alitazama upande ule, akaomba ugeuzwe, akatazama upande huu, kisha akarudisha kioo. Alisema shauri la mkono wa nahodha lifungwe. Hakuna aliyepinga.

Mzee Matonya aliendelea, akisema alichokiona kadiri alivyokwenda. Chungu kinashuka. Majani yanalala kwa upepo wake. Kuna nyumba, na mwanamke anatoka ndani amevaa aproni. Anasimama. Mlango wa chungu unafunguka. Nahodha anatoka, kofia yake ameishika kwapani, amechoka. Mwanamke anamwendea. Hamkumbatii. Anainua mkono.

Bw. Jayantilal aliendelea kusogeza mkanda, mpaka Mzee akamshika mkono kumzuia, akabaki kwenye picha moja. Kioo kilimdondoka jichoni, Mwenyekiti akakidaka.

Bi. Mwanahawa alimuuliza: "Umeona nini, shemeji?"

"Anamkung'uta vumbi," alijibu. "Vumbi la mwezini. Mabegani."

Aliketi. Alieleza kwamba tangu mwaka ule, kila asubuhi alipotoka zamu, Anyesi alimsimamisha mlangoni kabla hajapita, akampiga mabegani kwa kiganja, huku na huku, kisha akacheka. Yeye alidhani ni masizi ya treni. Mara nyingine alimwambia aache, vumbi la reli haliishi, anataka kulala. Anyesi hakuacha. Hata alipostaafu, hata alipotoka tu dukani kununua chumvi, alimkung'uta. Hata alipokuwa mgonjwa kitandani alimwita ainame.

Alisema: "Miaka yote hiyo alikuwa akinionyesha."

Bi. Mwanahawa alisema yeye alijua. Anyesi alimwambia zamani na kumwapisha asiseme. Alipomuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, Anyesi alijibu kwamba mume wake alikataa kuambiwa, hakukataa kuonyeshwa.

Mzee Matonya alicheka. Kisha alifunika uso kwa mikono, na wajumbe wakatazama bango. Mwenyekiti alisema kikao kipumzike. Bi. Mwanahawa alitoka na kurudi na chai.

KUMB. NA. 7/5/60: MAAZIMIO

Baada ya chai Kamati ilikubaliana ifuatavyo. Bango na vikaratasi vilivyokuwa debeni vitatundikwa ukumbini, na Bw. Jayantilal aliombwa asaini kwa nyuma, akasaini kwa Kigujarati na kwa Kiswahili. Mkanda utachomwa na Bw. Sila mahali pa wazi, mbali na nyumba, siku isiyo na upepo. Bw. Sila alisema siku kama hiyo Dodoma ataingoja sana, lakini ataingoja.

Kabla ya hapo Bw. Sila alikata kipande kifupi, kile cha mkono na bega, akakifunga ndani ya karatasi na kumkabidhi Mzee Matonya. Alimwonya asikiweke karibu na jiko wala taa.

Kuhusu kofia ya bati, Mwenyekiti alisema hakumbuki kama ipo kwenye ajenda. Katibu alisema ipo. Mwenyekiti alimtazama Katibu. Mzee Matonya aliondoka nayo.

KUMB. NA. 8/5/60: MENGINEYO

Bw. Jayantilal aliwaaga wajumbe. Alisema alipokuwa mtoto alidhani waliokaa nyuma ya shuka walikuwa wakitazama sinema nyingine, na aliwaonea wivu, kwa sababu wao ndio waliocheka zaidi. Mwenyekiti alianza kujibu kwa niaba ya Chama, akaishia kusema itaandikwa barua.

Mzee Matonya aliomba ruhusa ya kuondoka mapema, awahi gari la Kongwa. Mwenyekiti alimuuliza jambo gani haliwezi kungoja asubuhi. Alisema Anyesi amezikwa kwao, Mlali, upande wa Kongwa.

"Nakwenda kumwambia nimeona," alisema.

Ruhusa ilitolewa. Wajumbe walisimama wote mpaka alipotoka nje ya lango, kisha wakaketi, na kwa kuwa hapakuwa na mwenye neno jingine, Mwenyekiti alikifunga kikao saa kumi na moja kasoro robo jioni.

(Sahihi) N. Alibhai
Mwenyekiti

(Sahihi) S. Chilewa
Katibu