Mwanvita amekataa kumshika mdogo wake

Pili, uko wapi?

Nimempa Mwanvita amshike mdogo wake nikaanue nguo, mvua inashuka kutoka mlimani. Akarudi nyuma mpaka ukutani, anahema kama mtu aliyekimbizwa, jasho linamtoka. Nilidhani mwanangu anakufa.

"Mama, usinipe! Nitamuua kama nilivyomuua babu."

Shoga, eti nitamuua! Mtoto wa miaka kumi na sita!

Kumbe wakati ule wa korona, akiwa na miaka kumi na moja, alikuwa anakohoa akaficha, asije akazuiwa kwenda Mkuyuni kwa babu yake. Wiki mbili baadaye tukamzika mzee. Miaka mitano amekaa nalo moyoni! Ndiyo maana hataki kula nasi sinia moja. Mimi nikasema maringo ya usichana.

Nikamkumbatia. Nikamwambia hakuna anayejua babu aliupata wapi ugonjwa, na yeye alikuwa mtoto tu. Akaniuliza, "Una uhakika, mama?"

Pili, nikasita. Kidogo tu, lakini ameona.

Sasa amejifungia chumbani. Nimekaa mlangoni na kichanga, namwita, hafungui.

Njoo, wewe anakusikiliza. Namsikia analia, na naogopa atakaponyamaza.