Mutie, Mlango Uko Wazi

Mwaka umezunguka, Baba Mbeti, tangu ulipotoka hapa Shauri Moyo kwenda kununua fyuzi ya runinga, gari likakugonga njiani, nasi tukabaki na chai yako mezani.

Watu wakichoka na mizigo ya soko la Gikomba walikuja kwako, kwenye chumba chako cha vidio. Sheria yako waliijua: sinema ikianza, mlango unafungwa. Rafiki yako Mahad, muuza vitambaa, hakukosa kuchelewa.

"Mutie, nifungulie bwana. Bado hakuna aliyekufa."

"Ndiyo maana sifungui. Mtu akishakufa, utaogopa nini tena?"

Watu walicheka.

Sinema za kutisha ulizipendea mwanzo wake. Ulituambia, tazameni, hakuna kisu wala damu. Kikombe kinafuka moshi na mwenyewe hayupo. Viatu vinatembea, uso hatuonyeshwi. Muziki ukikatika, shikeni viti. Ukiona watu wamesahau kutafuna njugu, unatabasamu. Mimi ulinishika mkono, kwa kuwa ulijua nitaruka.

Siku ile ulipotoka, stima zilipotea, taa zikazimika, redio ikakatika. Viatu vikaja kwenye korido, polepole, vikasimama mlangoni kwetu. Hakuna aliyebisha. Nikashika kiti. Alikuwa Mahad, anatafuta maneno ya kutuambia habari zako.

Tangu hapo, viatu vikisimama nje mimi hukauka. Mbeti naye akajifunza. Miaka minne tu, na anashika kiti na kuzuia pumzi. Hilo liliniumiza kuliko yote, Mutie, mtoto wako kuogopa mlango wa kwao.

Juma lililopita vilisimama tena. Nikakauka. Mbeti akanitazama, akateremka kitini.

"Mama, si tufungue tuone ni nani?"

Akafungua mwenyewe. Mahad alikuwa na mandazi mkononi, bado moto.

"Shemeji, watu wanaulizia vidio."

Basi Jumamosi tutafungua chumba chako. Mahad ndiye atakayekaa mlangoni, yeye uliyezoea kumfungia nje. Mwanzo tutautazama kimya, kama ulivyotaka, na Mbeti nitamshika mkono. Ila mlango hatutaufunga.

Unakumbukwa na mkeo Nzilani, bintiyo Mbeti, mama yako Mbinya, ndugu yako Matheka, Mahad, na wote waliowahi kubisha ukakataa kuwafungulia.

Hutoki mioyoni mwetu, siku zote. Hata ukichelewa, Mutie, ingia tu.