Mgonjwa Aliyeomba Maji

Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Nasikia wanunuzi binafsi wa korosho sasa wanafika mpaka hapo Mkunya. Usikubali bei yao kabla hujamwuliza kaka.

Mimi na mwanangu tu wazima, ila upweke unaniumiza. Wasukuma wamenipokea vizuri, lakini tangu nifike huku sikuwa nimesikia mtu akisema Kimakonde.

Mwezi uliopita, kwenye hii hospitali mpya ya mtu binafsi ninakofanya usafi, aliletwa mzee aliyepooza upande mmoja. Majirani zake walisema Kiswahili alikijua sana, sasa kimempotea. Wauguzi wakadhani anaweweseka. Nikiwa napiga deki nikamsikia: "Medi, medi." Mama, mzee anaomba maji! Nilimjibu kwa lugha yetu, akanishika mkono asiuachie. Kwao ni Makote, hapo jirani na kwetu.

Tangu hapo daktari akawa ananiita nimwulize mgonjwa anaumwa wapi. Ndipo mzee aliponitajia binti yake, kaolewa Magu. Tukampelekea habari, akaja. Kumbe binti hajui Kimakonde hata kidogo. Mama yake alikuwa Msukuma, na nyumbani walizungumza Kiswahili. Mzee akasema neno, binti akanigeukia.

"Baba anasemaje?"

"Anauliza kama umekula."

Akajifunika uso kwa khanga, akalia.

Siku zote zilizofuata walizungumza kupitia mdomo wangu. Halafu binti akaniomba nimfundishe maneno machache ayaseme mwenyewe. Aliyakosea vibaya, mzee akacheka mpaka akakohoa. Wiki hiyo hiyo akafariki, binti yake yuko naye.

Daktari amenihamishia mapokezi, na nimeahidiwa kusomeshwa uuguzi msaidizi. Namshukuru Mungu. Lakini kitanda kile sasa analala mwingine, nami nikitoka kazini sina wa kumsemesha kwa lugha yetu.

Nisalimie kaka na mkewe, na shangazi aliyenilea. Mwambie namkumbuka kila siku.

Mjukuu wako Seifu anajua Kiswahili na Kisukuma. Msimu wa korosho tutakuja. Atakapokuwa hakuelewi, Mama, usimwonee huruma ukageukia Kiswahili. Endelea tu kumsemesha.

Ni mimi mwanao,
Zuhura